Meli ikisubiri nje nani analipa? Demareji kwa lugha ya kitaa



Ukisimama Ocean Road pale Dar, au Mama Ngina kule Mombasa, ukatazama baharini, mara nyingi utaona meli zimetia nanga mbali, zimetulia tuli kama zimesahauliwa. Watu wanadhani zinapumzika. Meli haipumziki bure jamani. Mabaharia wanakula na wanadai mshahara, jenereta inakunywa mafuta, bima inatembea, na benki iliyomkopesha mwenye meli nayo inataka chake. Sasa hizo siku za kukaa tu anazilipa nani? Kwa swali hilo watu wamepelekana mahakamani zaidi ya miaka mia moja, na mpaka leo wanapelekana.

Aliyenisukuma niandike ni mdau mmoja anayesoma kozi ya uwakala wa forodha. Anasema darasani waliambiwa "demareji ni faini ya kuchelewesha", basi, somo likaisha. Mimi si mwanasheria, nimemaliza kidato cha nne na cheti kipo kabatini. Ila hukumu za kesi hizi zipo mtandaoni wazi kabisa, kinachotakiwa ni kuvumilia Kiingereza cha majaji. Nimevumilia, nawaletea.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Demareji anayoijua mfanyabiashara wa Kariakoo ni ile anayotozwa na kampuni ya meli kwa kuchelewa kutoa kontena lake. Hiyo ni ndugu tu wa hii ninayoizungumzia. Yangu ni ya meli nzima, zile zinazobeba ngano, mbolea, makaa ya mawe au mafuta, mzigo unamwagwa tumboni mwa meli bila kontena. Hapo mtu anakodi meli kwa safari moja kama wewe unavyokodi Fuso kuleta mahindi kutoka Makambako mpaka Dar. Mwenye Fuso anakwambia: bosi, kupakia siku moja, kushusha siku moja, zaidi ya hapo kila siku laki mbili. Ukikubali, hiyo laki mbili ndiyo demareji yenyewe.

Kwenye meli ni vilevile ila sifuri ni nyingi. Tuseme mkodi ana tani 25,000 za ngano na mkataba unasema atashusha tani 2,500 kwa siku. Maana yake amepewa siku 10, na hizo zimeshalipiwa ndani ya nauli ya mzigo. Demareji wamekubaliana dola 15,000 kwa siku. Akitumia siku 16 anadaiwa siku 6, yaani dola 90,000. Akiwa mjanja akamaliza kwa siku 7, mambo yanageuka, mwenye meli ndiye anayemlipa yeye zawadi ya kuokoa muda. Wenyewe wanaiita dispachi, na kwa kawaida ni nusu ya demareji. Hapo angepokea dola 22,500. Kwa hiyo saa moja tu ikihesabiwa huku au kule, mkwanja unahama mfuko.

Lile neno faini mimi silipendi, maana ndilo linalowapoteza watu. Faini unapigwa baada ya kosa. Demareji ni bei, wamekaa mezani wakaipanga kabla meli haijang'oa nanga, hakuna anayejua kama kutakuwa na foleni, mvua au mgomo. Lishike hilo, tutalirudia mbele.

Haya, saa inaanza kuhesabu lini? Vita kubwa ipo hapa. Sheria inayotumika kwenye mikataba mingi ya namna hii duniani ni ya Uingereza, hata kama meli ni ya Mgiriki, mzigo ni wa Mbrazili na bandari ni ya Mchina. Ugomvi unapelekwa London kwa wasuluhishi, na ukiwa mgumu unapanda mahakamani. Kwa sheria hiyo nahodha lazima afike, awe tayari kweli kupakia au kushusha, halafu atoe notisi kwamba amefika na yuko tayari. Bila notisi halali, saa haianzi.

Kufika ni nini sasa? Usicheke. Meli Johanna Oldendorff ilipeleka nafaka Liverpool, Januari 1968. Gati zimejaa, ikaambiwa isubiri sehemu ya kutia nanga iliyo maili 17 kutoka gatini. Mkodi akasema haijafika hiyo, ipo huko majini! Kesi ilipanda mpaka Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho Uingereza, na mwaka 1973 wakaamua kwamba imefika. Sehemu ile ilikuwa ndani ya mipaka ya bandari, meli zinazopanga foleni husubiri palepale, na mkodi angeihitaji ingekuja mara moja.

Miaka michache baadaye ikaja ya Maratha Envoy, hii ndiyo komedi. Ilikuwa inakwenda Brake, kwenye mto Weser, Ujerumani. Shida ni kwamba sehemu ya kusubiria iko nje ya mipaka ya bandari. Mwenye meli akapiga hesabu zake, meli ikapanda mto mpaka Brake, ikajionyesha, ikageuza, ikarudi kusubiri kulekule. Eti si nimeshafika? Malodi mwaka 1977 wakakataa, wakaiona safari ile ni maigizo. Tangu hapo wenye meli makini wanaandika kabisa kwenye mkataba kwamba saa itaanza hata kama gati limejaa na meli iko nje.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ya meli iliyoitwa Happy Day. Siku ya furaha, hebu ona majina haya.

Happy Day ilibeba ngano kutoka Odessa kwenda Cochin, India. Ikafika nje ya Cochin tarehe 25 Septemba 1998 ikakuta maji yamekupwa, haiwezi kuingia siku ile. Nahodha akatoa notisi palepale nje. Kosa! Mkataba ule ulitaka meli iwe gatini kwanza, na gati lilikuwepo, kilichoikwamisha ni maji tu na siyo foleni. Notisi ikawa batili. Kesho yake ikaingia, kazi ya kushusha ikaanza, hakuna aliyefikiria kutoa notisi nyingine. Kushusha kukaisha tarehe 25 Desemba. Hesabu mwenyewe, miezi mitatu mizima kushusha meli moja ya ngano!

Mwenye meli akapeleka bili ya demareji. Mkodi akajibu kwa utulivu kabisa: notisi yako ilikuwa batili, hukutoa nyingine, kwa hiyo saa haikuanza kamwe, sidaiwi hata senti. Hakuishia hapo. Akasema kwa kuwa saa haikuanza, basi mimi sikutumia hata dakika moja ya muda wangu, nilipe dispachi! Yaani umeiweka meli ya mtu gatini toka Septemba mpaka Krismasi halafu unadai zawadi ya kuwahi. Na mjue Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 2001.

Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ikageuza. Haikusema notisi ilikuwa nzuri, batili ilibaki batili. Ilichosema ni kwamba watu wa upande wa mkodi waliipokea ile notisi, walijua meli iko gatini iko tayari, wakaanza kushusha bila kulalamika hata neno. Huwezi kuikubali meli kwa vitendo halafu baadaye ukajifanya hukuona ikifika. Basi saa ikahesabiwa tangu waanze kushusha. Kwangu mimi majaji wale walitenda haki, ila usibweteke. Mwenye meli alipigana miaka kadhaa na gharama za mawakili juu, kwa ajili ya karatasi ya ukurasa mmoja ambayo nahodha angeituma tena asubuhi akiwa gatini akamaliza. Manahodha wengi sasa wakiwa na wasiwasi wanatoa notisi leo, wanatoa na kesho, na kila moja wanaandika kwamba haifuti ile ya kwanza.

Saa ikishaanza, kuna vitu vya kuisimamisha. Mvua ni mmoja, ngano hailowani, kwa hiyo mikataba mingi inahesabu siku zile tu ambazo hali ya hewa inaruhusu kazi. Jumapili na sikukuu inategemea mlivyoandikiana, na kuna bandari za nchi za Kiislamu ambako inayorukwa ni Ijumaa. Kila kitu kinaandikwa saa kwa dakika kwenye taarifa ya matukio, ile karatasi ambayo wakala wa meli anaitengeneza na pande zote zinasaini: mvua imeanza saa ngapi, krini imeharibika saa ngapi, malori yamekosekana saa ngapi. Wewe unayetafuta kazi bandarini, ukipewa kuandika karatasi hiyo usiandike kwa kukisia. Wanasheria London wataipitia mstari kwa mstari.

Lakini muda uliopewa ukishaisha na demareji ikaanza, msamaha umekwisha. Mvua inyeshe, Jumapili ifike, Idi iandame, saa inakwenda tu. Wenyewe wana msemo kwamba ukishaingia kwenye demareji umeingia moja kwa moja. Kinachoweza kukuokoa ni mkataba uliosema wazi kwamba hata wakati wa demareji jambo fulani lisihesabiwe, au kuchelewa kuwe kumesababishwa na mwenye meli mwenyewe.

Sasa turudi kwenye ile bei iliyopangwa kabla. Mpaka hapa utadhani mwenye meli ndiye anayefaidi. Siyo lazima.

Desemba 1956 mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa vita, meli zikawa adimu, nauli zikapaa. Ndani ya joto hilo ukasainiwa mkataba wa meli General Guisan, ya kampuni ya Uswisi, kubeba makaa ya mawe kutoka Marekani kuja Ulaya, kwenda na kurudi kwa miaka 2. Mkodi alikuwa kampuni ya Uholanzi. Demareji: dola 1,000 kwa siku. Mwaka 1957 Suez ikafunguliwa, nauli sokoni zikaporomoka. Mkodi sasa amefungwa kwenye nauli ya zamani iliyo juu, kila safari inamuuma. Ghafla meli ikaanza kukaa sana bandarini, huku na huku. Katika kipindi chote ikafanya safari 8 tu. Mwenye meli akalia kwamba zingeweza kufanyika nyingine 6, pengine hata 9, na kwamba mkodi anavuta miguu makusudi, maana kulipa dola 1,000 za kusubiri ni nafuu kuliko kulipa nauli ya safari nzima.

Ukiwa wewe jaji ungesemaje? Baraza la Malodi mwaka 1966 lilisema hivi: bei ya kuchelewa mliipanga wenyewe, ni dola 1,000, ameshalipa jumla ya dola 150,000, hakuna zaidi. Uliikubali ukiwa na akili timamu. Kumbe demareji ni ukuta wa pande mbili, inamzuia mkodi asikatae kulipa na inamzuia mwenye meli asidai kupita hapo.

Ya karibuni zaidi ni ya Eternal Bliss. Mwaka 2015 ilibeba tani 70,133 za soya kutoka Tubarão, Brazil, kwenda Longkou, China. Ikafika ikakuta bandari imejaa na maghala ya nchi kavu hayana nafasi. Ikakaa nangani siku 31. Wengine mmewahi kuona mahindi yaliyofungwa kwenye mifuko bila hewa, joto linapanda, ukungu unaingia, yanashikana mabonge. Ndicho kilichoikuta ile soya. Wapokeaji wa mzigo wakamgeukia mwenye meli, akamalizana nao kwa kama dola milioni 1.1. Halafu akamgeukia mkodi: demareji nadai, lakini na hii milioni nirudishie, kwa sababu wewe ndiye uliyeniweka pale siku 31.

Hoja ilikuwa tamu. Mwenye meli anasema demareji inalipia meli kukosa kazi nyingine, haina habari na soya kuoza. Hiyo ni hasara ya aina nyingine kabisa. Mkodi anasema hapana, kosa ni moja, kuchelewa kushusha, na kosa hilo lina bei yake. Nyuma yao kulikuwa na kesi ya mwaka 1926, ya meli ya mbao kutoka Arkhangelsk, ambayo wanasheria walibishana karibu karne nzima ilimaanisha nini hasa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikampa mwenye meli. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ikamnyang'anya: demareji inafunika hasara zote zinazotokana na kushindwa kupakia au kushusha ndani ya muda. Ukitaka zaidi onyesha kwamba mkodi alivunja kifungu kingine tofauti, siyo kuchelewa tu.

Mimi niliposoma mara ya kwanza nilimwonea huruma mwenye meli. Lakini kuna hoja moja ya majaji ambayo sikuweza kuijibu. Mwenye meli ana bima ya madai ya mzigo, na gharama ya bima hiyo ni sehemu ya uendeshaji wake wa kila siku, inatoka kwenye nauli anayolipwa. Mkodi yeye amekubali demareji ili ajue mwisho wa deni lake ni wapi. Ukisema bei ifunike hasara hii isifunike ile, kila foleni itazaa kesi, na faida yote ya kupanga bei mapema inakufa. Bado naona uchungu wake, ila dawa yake iko kwenye kalamu. Mkataba unaofuata anaweza kuongeza mstari unaosema mzigo ukiharibika kwa kucheleweshwa, mkodi atalipa kando.

Kwa upande wa makaratasi nitapita haraka. Mikataba mingi ya meli za mafuta na kemikali inasema dai la demareji liletwe ndani ya siku 90 likiwa na nyaraka zake zote, vinginevyo limekufa. MTM Hong Kong ilibeba kemikali kutoka Antwerp kwenda Houston, mwenye meli akadai dola 56,049.36. Akawahi siku 90. Ila hakuambatanisha bili ya ledingi, ile hati ya mzigo inayosema umepakia kiasi gani. Mahakama Kuu London mwaka 2020 ikasema nyaraka zote maana yake ni zote. Dola elfu 56 zikayeyuka, na hakuna aliyebisha kwamba meli ilicheleweshwa!

Sasa wewe uliye Tandika au Kisauni unasema hizi ni habari za matajiri wa London. Ngano tunayokula hapa kwa sehemu kubwa inakuja kwa meli. Rudi kwenye mfano wangu wa tani 25,000 na deni la dola 90,000: ni dola 3.60 kwa kila tani, au senti 18 za dola kwa kila kilo 50. Ndogo ukiitazama peke yake. Ila hiyo ni siku 6 tu, na meli inaweza kukaa wiki 3.

Deni lenyewe nalo linatembea. Mwenye meli anamdai mkodi, ambaye mara nyingi ni muuza ngano wa kimataifa. Muuzaji naye anamdai mnunuzi wa huku kwa mkataba wao wa mauziano, na mnunuzi anajua pa kuipeleka. Inapoharibika ni pale mikataba miwili isipofanana. Mkataba wa meli unasema saa inaanza meli ikitia nanga nje, ule wa mauziano unasema inaanza ikifunga gatini. Siku zilizo katikati ya nanga na gati zinabaki kwa mtu wa katikati, hana wa kumrushia. Kama mnunuzi wa huku ndiye aliyekodi meli mwenyewe, mtu huyo wa katikati ni yeye. Kwa hiyo ndugu yangu wa kozi ya forodha, ukipata kazi kwa mwagizaji wa ngano au mbolea, omba uione mikataba yote miwili siku ya kwanza, uiweke mezani ubavu kwa ubavu, usome hivyo vifungu vya saa kabla meli haijafika.

Wenye uzoefu wa bandarini, hasa mliowahi kushika ile taarifa ya matukio kwa mikono yenu, maoni yapo wazi hapo chini. Na wengine niambieni, kwenye ile ya soya wewe ungempa nani?

Nawasilisha.